Umetumwa na Nani?

Nilipika fomu nne. Naanza na hilo kwa sababu nikiliweka mwisho utadhani nilikuwa nalificha.

Ilikuwa 2021, mwaka mmoja hivi baada ya kuacha chuo. Karo ilikuwa imekataa kulipika, na nilishachoka kumwambia mathee kila wiki kwamba mambo ni sawa. Beshte yangu akaniunganisha na kazi ya kukusanya maoni Kajiado. Siku sita, tableti moja, fulana, na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Unalipwa kwa kila fomu iliyokamilika. Kampuni siitaji. Maswali yalikuwa ya kawaida: unaridhika vipi na kazi ya rais, naibu wake, gavana, mbunge, waziri fulani. Vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya, vibaya sana.

Kwa karatasi kazi yenyewe ni rahisi. Unapewa mahali pa kuanzia, tuseme kanisa au shule. Unachagua upande, unahesabu nyumba, unabisha kila ya tano. Ukiingia ndani, tableti ndiyo inachagua nani wa kuhojiwa kati ya watu wazima wa hapo. Si yule aliyefungua mlango, wala si yule anayependa siasa. Asipokuwepo, unarudi baadaye. Ujuzi wote wa hii biashara uko hapo: kila mtu awe na nafasi sawa ya kuulizwa. Mwaka wa 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilipata majibu zaidi ya milioni 2 na bado likatabiri kwamba Roosevelt angeshindwa, kwa kuwa majina mengi lililitoa kwenye orodha za wenye simu na magari. George Gallup aliuliza watu wachache zaidi, lakini waliochaguliwa kwa mpango, na akapatia.

Sasa chukua hiyo kanuni uilete Kitengela. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 hapa, na Kajiado mjini, ambako ndiko makao makuu ya kaunti, haikufika 25,000. Wengi wetu tulihamia juzi tu, tukifuata kodi nafuu. Watu wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu za Nairobi, wanarudi saa mbili usiku. Mchana utampata mama wa duka, keateka, mama fua na mlinzi. Ukimuuliza mtu kuhusu gavana wake, anaanza kumlaumu gavana wa kule alikozaliwa. Na nyumba yako ya tano iko ghorofa ya nne, mlango wa chuma, TV inasikika ndani. Unabisha. TV inapunguzwa sauti. Halafu:

"Nani?"

"Habari ya jioni, tunafanya utafiti..."

"Umetumwa na nani?"

Nilikuwa na jibu nililofundishwa: huu ni utafiti huru, majibu yako ni siri. Siri! Najua ploti yake, najua mlango wake, na tableti niliyoshika inarekodi mahali tuliposimama. Hata mimi nisingefungua.

Siku ya nne, saa moja na nusu usiku, zilikuwa zimenibakia fomu nne. Nikakaa kwa kibanda cha chai karibu na barabara ya Namanga, nikawaumba watu wanne. Nikawapa umri, kazi, dini, idadi ya watoto. Mmoja nilimfanya mwanamke wa miaka 34 anayeuza mitumba, na hadi leo nikimfikiria namwona uso. Kwa viongozi niliogopa kuweka alama za juu sana au za chini sana, supavaisa asije akashtuka. Kwa hivyo wote wanne walisema wastani, kwa kila kiongozi. Supavaisa hakushtuka.

Siku iliyofuata tulipelekwa upande wa pili wa kaunti, kupita Kajiado mjini, kwenye barabara ya kuelekea Ilbissil. Huko nyumba ya tano inaweza kuwa kilomita mbili mbele. Tableti ikamchagua mzee mmoja, miaka sitini na kitu. Alinijibu kwa adabu sana, akiwa ameshika fimbo yake. Rais? Vizuri sana. Gavana? Vizuri sana. Waziri? Huyo ndiye vizuri kabisa. Nilimaliza kwa dakika kumi na mbili, rekodi yangu ya wiki. Tukaletewa chai ya maziwa.

"Umefunga hiyo kitu?" akauliza.

"Nimefunga, mzee."

"Kabisa?"

Nikamwonyesha kioo kimezima. Ndipo akaanza kuongea. Kuhusu mmoja wa wale viongozi, ambaye simtaji, aliongea nusu saa nzima: ardhi, maji, ahadi ya barabara, mtoto wa nani aliajiriwa na wa nani akaachwa. Nikamuuliza, sasa mzee, mbona hukuniambia hayo wakati ule? Akacheka. "Kijana, mimi nilipiga mlolongo."

Nilitikisa kichwa kana kwamba naelewa. Sikuelewa. Nilienda kusoma baadaye.

Mwanzoni mwa 1988 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, kilichagua wagombea wake wa ubunge bila karatasi za kura. Mnafika uwanjani, kila mgombea au wakala wake amesimama na picha, nanyi mnapanga foleni nyuma ya mtu wenu. Chifu anaona. Jirani anaona. Mwajiri wako anaona. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alikuwa amepita bila kupingwa, na uchaguzi wa Machi haukumhusu tena. Kila Mkenya aliyekuwa mtu mzima wakati huo ana hadithi ya foleni fupi iliyotangazwa kuwa ndefu. Na hakukuwa na cha kuhesabu upya, maana watu wakishaenda nyumbani kura zimeondoka na miguu yao. Kenneth Matiba aliacha uwaziri Desemba mwaka huo huo, akilalamikia wizi kwenye chaguzi za chama.

Huwa nafikiri mlolongo ndio uliokuwa kipimo cha umaarufu cha enzi ile. Ulipima kitu kweli, ila si maoni. Ulipima nani anaogopwa na kiasi gani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapema miaka ya 1960, kampuni ya Nairobi iliyoitwa Marco Surveys, chini ya Gordon Wilson, ilikuwa ikiuliza watu maoni yao ya kisiasa na kuyatoa kama takwimu. Uhuru ulikuwa unakuja na kila mtu alitaka kujua nani ana watu. Baada ya hapo, nchi ikielekea chama kimoja, swali lenyewe likawa hatari. Oktoba 1976, wanasiasa walipokuwa wakizozana kuhusu nani atamrithi Jomo Kenyatta, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwakumbusha Wakenya kwamba hata kuwaza kifo cha rais ni kosa, na adhabu yake ni kunyongwa. Kuwaza! Nani angebisha mlango wa mtu aulize kama rais anafanya kazi nzuri?

Halafu kuna kipande ambacho kinatuhusu sisi wa kaunti hii. Julai 1990, baada ya Saba Saba, serikali ilituma kamati kuzunguka nchi kusikiliza watu wanasema nini kuhusu KANU. Mwenyekiti alikuwa Makamu wa Rais George Saitoti, mbunge wa Kajiado Kaskazini, profesa wa hesabu. Pengine ilitegemewa watu waseme vizuri sana, vizuri sana. Badala yake walisimama mbele ya vipaza sauti wakaushambulia mlolongo, wakaishambulia ile asilimia 70, wengine wakaenda mbali zaidi. Desemba, kwenye mkutano wa wajumbe Kasarani, Moi mwenyewe aliyakubali mapendekezo ya kamati, na mlolongo ukaisha. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa.

Kitaalamu ile kamati haikuwa kura ya maoni. Aliyesimama kusema alijichagua mwenyewe, kama wale wa Literary Digest. Lakini mpaka leo sijakutana na mfano mwingine wa Wakenya wengi hivyo kumjibu mkubwa wa serikali usoni, na jibu likabadilisha kitu ndani ya miezi michache. Mzee wa Ilbissil hakunitajia kamati. Alikumbuka foleni tu.

Kura za maoni za kisasa zilikuja na nguvu baada ya Moi kuondoka, na jina lililotawala lilikuwa Steadman. Kufikia 2007 kila utafiti wao ulikuwa habari ya kwanza saa moja usiku. Ule wa mwisho kabla ya uchaguzi ulimweka Raila Odinga mbele kwa asilimia 45, Mwai Kibaki 43. Tofauti ndogo hivyo ni sawa na kusema hatujui, lakini nani anasikiliza hilo? Upande mmoja ulishaingia kituoni ukijua umeshinda. Tarehe 30 Desemba Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo Ikulu. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata. Tume ya Kriegler ikasema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Sisemi kura za maoni ziliua mtu. Nasema nambari iliyokuwa makadirio ilibebwa barabarani kama ushahidi.

Mwaka wa 2012 Bunge likapitisha sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Ukitangaza matokeo lazima useme nani amelipa, watu wangapi walihojiwa, wapi, waliulizwa nini, na kiwango cha makosa ni kipi. Siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi, kimya. Sheria nzuri, ila inahusu uchaguzi. Biashara ikahamia kwingine.

Ugatuzi ulipoanza 2013 tukapata magavana 47, na watu 47 wenye cheo ni watu 47 wanaotaka kujua kama wanapendwa. Infotrak ilianzisha vipimo vyake vya kaunti, na wengine wengi wakafuata, baadhi yao wakiwa na logo, ukurasa wa X na si mengi zaidi. Chama cha watafiti, MSRA, kimelalamika mara kadhaa kuhusu kampuni zisizo wanachama wake zinazorusha nambari zisizojulikana zilikotoka. Hesabu yenyewe unaweza kuifanya ukiwa kwa matatu. Ukihoji watu 2,400 nchi nzima, kiwango cha makosa ni kama asilimia 2 juu au chini. Safi. Lakini ukiwagawa sawasawa kwa kaunti 47, kila kaunti inapata watu 51, na kwa watu 51 makosa ni karibu asilimia 14. Gavana mwenye 50 anaweza kuwa na 36 au 64. Wa tano na wa ishirini wanaweza kuwa mtu mmoja, ila wa tano atabandika bango. Kampuni makini huongeza idadi kwa kila kaunti. Zingine hazisemi zilihoji wangapi. Na kwa watu 51, wanne wangu wa kibanda cha chai wangekuwa karibu asilimia 8 ya Kajiado.

Agosti 2022 nilifuatilia nambari kama mtu anayefuatilia kesi yake. Infotrak, kwenye utafiti wao wa mwisho, ilimpa Raila asilimia 49 na William Ruto 42. Tume ikatangaza Ruto 50.49, Raila 48.85. Kila mtu alicheka watafiti. Lakini angalia vizuri: nambari ya Raila ilikuwa karibu sahihi kabisa. Iliyokosa ni ya Ruto. Pengo lile lote lilikuwa upande mmoja, na mgombea aliyekuwa akiungwa mkono na rais aliyeko madarakani alikuwa upande ule mwingine. Wengine wanasema ni wasioamua waliamua dakika ya mwisho, na inawezekana. Mimi nawaona watu kwa milango, TV imepunguzwa sauti, wakimwangalia kijana mwenye kitambulisho shingoni na kufikiria ni jibu gani halitawaletea shida.

Sijawahi kurudi kwa ile kazi. Siku hizi naandika, nikipata wa kulipa. Lakini mapema 2025 nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua. Dada mmoja, sauti ya kuchoka, nyuma yake nasikia wengine wengi wakiuliza maswali yale yale. Ni utafiti huru, akasoma, majibu yako ni siri.

Nilikuwa nimetoka kusoma taarifa ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu: visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni 2024. Baadhi walikuwa vijana wa rika langu, waliochukuliwa kwa sababu ya walichoandika au kuchora mtandaoni. Yeye ana nambari yangu ya simu. Nambari imesajiliwa kwa kitambulisho changu.

"Umetumwa na nani?" nikauliza.

Akataja kampuni. Nikajua analipwa kwa kila fomu, kwa hivyo sikukata. Maswali ya umri na kazi nilijibu vizuri. Maji, barabara, hospitali, nilimwambia ukweli, nikamwambia mpaka akaniomba nipunguze kasi aandike. Kisha akafika kwa viongozi, mmoja mmoja, kwa majina. Vizuri sana, vizuri, wastani, vibaya, vibaya sana?

"Wastani," nikasema.

"Na huyu?"

"Wastani."