Biti si baiti

Mteja analipia intaneti ya "mega 10". Anapakua faili, na kompyuta inamwonyesha mega 1 na ushei kwa sekunde. Anaona ameibiwa. Mara nyingi hakuibiwa. Maneno mawili yamechanganywa.

Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa: sifuri au moja. Claude Shannon alilitumia neno hilo katika makala yake ya mwaka 1948, akisema lilipendekezwa na John Tukey. Baiti ni fungu la biti, siku hizi 8. Werner Buchholz wa IBM alilibuni neno hilo mwaka 1956, na kwa Kiingereza likaandikwa kwa herufi y makusudi, lisije likachanganywa na biti.

Watu wa simu huhesabu biti. Watu wa diski huhesabu baiti. Chukua laini ya zamani ya simu iitwayo E1: njia 32, kila moja kilobiti 64, jumla kilobiti 2,048 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata kilobaiti 256. Visomeo vya mwanzo vya CD vilitoa takriban kilobaiti 150 kwa sekunde. Zidisha kwa 8: kilobiti 1,200. Kumbe laini ya simu ilikuwa na kasi zaidi.

Katika maandishi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Mdomoni, "mega" peke yake haisemi lolote. Tutamke neno zima: megabiti au megabaiti. Kipimo kilichokatwa nusu hakipimi kitu.