Fataki Nyekundu Juu ya Maji

Sogeeni karibu na redio, na mwalimu awe na chaki mkononi, maana leo kuna neno moja la kuandika ubaoni.

Ninyi mlioko Rugu mtauliza: sisi watu wa vilima, watu wa migomba na kahawa, tuna shughuli gani na vyombo vya majini? Swali ni zuri. Lakini ni nani katika Karagwe au Kyerwa asiye na ndugu au jirani aliyeteremka mpaka Bukoba akapanda meli kwenda Mwanza? Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Msiba ule uliingia katika nyumba nyingi za Kagera.

Basi leo tutasoma historia ya kitu kidogo cha kushika mkononi, kinachowekwa katika vyombo vya majini, hata mashua za watu wanaokwenda kutembea ziwani kwa starehe. Mwalimu, andika: FATAKI. Mnajua fataki zinazorushwa mijini usiku wa mwaka mpya. Hizo ni za furaha. Fataki ya hatari ni ndugu yake, lakini kazi yake ni kupiga yowe.

Fikirini yowe la kijijini. Likipigwa usiku, hakuna anayeuliza kama ni vigelegele vya arusi. Kila mtu anatoka, kwa sababu kila mtu analijua. Ziwani sauti ya mtu haifiki mbali, tena upepo huichukua. Ndiyo sababu mabaharia walitafuta yowe la kuonekana kwa macho.

Zamani merikebu iliyopatwa na mashaka ilipiga mzinga, au iliwasha moto mkubwa katika pipa la lami. Shida ni kwamba mizinga ilipigwa pia kwa kusalimiana. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mzinga wa hatari upigwe mara kwa mara, kila baada ya dakika moja hivi.

Kisha akatokea mama mmoja wa Marekani, Martha Coston. Mumewe alikufa mwaka 1848 akamwachia watoto wadogo na karatasi za kazi aliyokuwa ameianza, ya taa za moto za kupelekeana habari baharini usiku. Kazi ile ilikuwa haijakamilika. Mama huyu aliishughulikia miaka mingi, akitafuta wajuzi wa kumchanganyia dawa zinazowaka kwa rangi zisizofanana. Mwaka 1859 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi ule, lakini hati yenyewe ilimtaja marehemu mumewe kuwa ndiye mvumbuzi. Mimi naona hapo hakutendewa haki. Wanamaji wa Marekani walizitumia fataki zake katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye walinzi wa pwani wakazitumia kuwaonya na kuwaokoa wenye merikebu. Mwaka 1877 afisa mmoja wa wanamaji hao, Edward Very, akatengeneza bastola ya kurushia fataki juu angani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo letu. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli kubwa ya Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki. Ilikuwa saa 5 na dakika 40. Mabaharia wake walirusha fataki nyeupe, moja moja. Meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama usiku ule katikati ya barafu. Maafisa wake wa zamu waliziona fataki zile, tena walizihesabu, wakafika nane. Walimpasha nahodha wao habari, naye akauliza kama zilikuwa ishara za kampuni fulani, kwa maana siku zile makampuni ya meli yalikuwa na fataki zao za kutambulishana. Aliamuru waendelee kumulika taa ya kuulizia. Mwenye simu ya upepo alikuwa amelala, wala hawakumwamsha mpaka kulipokaribia kucha. Titanic ilizama saa 8 na dakika 20 usiku, na watu kama 1,500 walikufa. Mpaka leo watu hubishana meli ile ilikuwa mbali kiasi gani. Mimi sibishani nao. Yowe lilipigwa, likaonekana, lisieleweke.

Baadaye mataifa yalikubaliana zaidi. Katika kanuni za bahari za mwaka 1972, fataki ya hatari ni nyekundu. Ile ya kurushwa yenye mwavuli hupanda kiasi cha mita 300, kisha hushuka polepole ikiwaka kwa sekunde 40 au zaidi. Ya mkononi huwaka kama dakika moja. Mchana hutumika moshi wa rangi ya machungwa. Marekani, tangu mwaka 1981, hata mashua ya starehe yenye urefu wa futi 16 au zaidi, ikienda pwani, haina budi kuwa na ishara za hatari.

Mtu asidhani mashua ya starehe haina hatari. Tarehe 24 Novemba 2018, upande wa Uganda wa ziwa letu hili la Victoria, mashua iliyobeba watu wa karamu ilizama karibu na pwani ya Mukono. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Waliokufa ni zaidi ya 30. Fataki haizuii chombo kilichojazwa kisizame; huwaita waokoaji tu. Tena Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, na watu 24 kati ya 43 waliokoka. Ilikuwa mchana, na karibu na pwani. Mbali huko ziwani, usiku, mvuvi ataonaje pasipo moto?

Mwenye fataki asizimalize zote pamoja. Angoje aone taa ya chombo au asikie ndege. Ya mkononi aishike nje ya mashua, upande unaokwenda upepo, mbali na petroli, wala asiitazame. Asome tarehe iliyoandikwa ubavuni, kwa sababu fataki huharibika kwa miaka.

Nawe uliye pwani ukiona nyota nyekundu juu ya maji, angalia iko juu ya kisiwa gani au mti gani, kisha kimbia ukawaambie wavuvi na polisi. Usiseme wengine wameiona.

Asiye na fataki? Kanuni zile zile zinamruhusu kutumia mikono. Mwalimu, zima redio sasa. Simameni wote, nyosheni mikono pande mbili, ipandisheni polepole, ishusheni polepole, tena na tena.