Injini Mbili, Dereva Mmoja

Kila Sikukuu ya Jamhuri tunapokutana hapa Birmingham, wazee wetu waliofanya kazi reli, Waafrika kwa Wahindi, huketi meza moja, na kabla chakula hakijapoa wameshafika kwenye injini. Watoto husikia "Garratt" na "hamsini na tisa" bila kujua ni kitu gani. Mwaka huu tumeona tuwaeleze.

Injini mbili za mvuke zikivuta treni moja zilihitaji madereva wawili na wachochea moto wawili. Waliarifiana kwa honi tu. Mmoja akifungua mvuke kabla ya mwenzake, mabehewa hushtuka, na kulabu inaweza kukatika. Garratt ilikwepa taabu hiyo: ni kama injini mbili zinazolishwa na boila moja, chini ya dereva mmoja. Za daraja la 59 zilikuwa 34, ziliundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 250 hivi, zikapewa majina ya milima yetu.

Mwaka 1960 zikaja dizeli za daraja la 90, nguvu farasi 1,840, kutoka kiwanda cha English Electric kilichokuwa Newton-le-Willows. Hazikuwa na kiu ya maji kama Garratt. Injini yake huzungusha jenereta, jenereta hutoa stima, na stima huendesha mota zilizo kwenye ekseli. (Ndiyo, stima ile ile ya nyumbani, ingawa zamani neno hilo lilikuwa la meli ya mvuke.)

Sasa, amri ya stima inaweza kupita kwenye waya. Frank Sprague alilionyesha hilo Chicago mwaka 1897 kwa treni za umeme, na mwaka 1939 General Motors wakazungusha Marekani dizeli nne zilizofungwa pamoja, nguvu farasi 5,400, dereva mmoja. Mafundi hufunga kulabu, kisha mabomba ya hewa ya breki, kisha waya za amri. Dereva wa mbele akisogeza kishikio, injini ya nyuma hutii papo hapo, na ndani yake hakuna mtu.

Hapa jirani, Smethwick, kiwanda cha Birmingham Railway Carriage and Wagon kiliunda dizeli za reli ya Uingereza zilizochorwa nyota ya buluu. Nyota kwa nyota ziliungana, hata kama viwanda ni tofauti. Isiyo na alama hiyo ilivutwa tu, au ilitaka dereva wake. Kiwanda hicho kiliacha kuunda injini na mabehewa mwaka 1963, mwaka wetu wa uhuru.

Kile kiti kitupu cha nyuma ndicho wazee hawakisahau. Kuchochea moto kulikuwa ngazi ya kufikia udereva. Uhuru ulimfungulia Mwafrika mlango wa kiti cha mbele, na wakati huo huo dizeli ikaanza kupunguza watu kwenye injini. Wanaosema dizeli ilikuwa maendeleo matupu hawakuwa na kaka aliyengoja zamu yake.

Mvuke haukuondoka siku moja. Garratt ziliendelea hadi karibu 1980. Mkienda Nairobi likizo, nambari 5918, Mount Gelai, iko kwenye Makumbusho ya Reli. Na kwa wasiosafiri, Kidderminster si mbali: reli ya Severn Valley bado huendesha dizeli za zamani. Nendeni na mzee mmoja, mumwombe awaonyeshe waya za amri zinafungwa wapi.