Matabaka ya Picha na Mwenye Ufunguo

Katika vibanda vya steshenari vya Tandika na Mwananyamala kuna swali ambalo wateja hatuna mazoea ya kuliuliza: faili la asili la kazi yangu linabaki kwa nani? Mimi nililijifunza kwa machungu. Tulitaka kusahihisha mwaka uliokosewa kwenye bango la kumbukumbu ya mzee wetu, nasi tulikuwa na JPEG tu. Jina, sura, tarehe na maua ya pembeni vilikuwa vimegandana kama rangi iliyokaukia ubaoni. Fundi aliyekuwa na faili lenye matabaka alikwisha kuhama.

Matabaka hayo (si yale ya Karl Marx, ingawa tutayafikia) yana historia yake. Photoshop, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990. Matabaka yaliingia katika toleo la 3.0, mwaka 1994. Tangu hapo faili la PSD huhifadhi kila kipande mahali pake, kikaweza kuhamishwa au kufutwa pasipo kumgusa jirani. Corel wana CPT yao, Paint Shop Pro nayo ikawa na lake. Kila kampuni ilijenga chumba ikakaa na ufunguo.

Wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walikwenda njia nyingine. Programu yao, GIMP, ni huru, na faili lake, XCF, limebeba jina la kikundi chao cha kompyuta pale chuoni. Lakini tusijidanganye: GIMP hufungua PSD, na mara nyingi maandishi hutoka yamegeuka picha, hayahaririki tena. Fundi anayepokea kazi za watu huifuata programu ya wateja wake.

Mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatapatikana kwa malipo ya mfululizo tu. Hapo ndipo matabaka ya Marx yanapoingia. Fundi asiyemudu ada hutumia nakala iliyovunjwa kufuli, nasi tunaopendezwa na bei yake humwita mwizi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hulinda nyaraka za umma. Mabango ya harusi na misiba ya Temeke yamo kwenye diski za vibandani, ndani ya mafaili ambayo ufunguo wake hukodishwa kwa mwezi.

Siku hizi nikiagiza bango huomba mafaili mawili kwenye flashi: JPEG na lile lenye matabaka. Mafundi wengine hunitazama kana kwamba nimeomba cherehani ya fundi nguo.