Manowari Bandarini: Karne Moja na Nusu ya Ubalozi wa Mizinga katika Pwani Yetu

Katika semina moja ya wanafunzi wa mwaka wa tatu, tulipokuwa tukijadili nyenzo za sera ya mambo ya nje, mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililowachekesha wenzake. "Mwalimu, meli ya kivita ikija Dar es Salaam, kwa nini tunaiita ziara ya kirafiki ilhali imekuja na makombora?" Kipindi kilikuwa kinakwisha, nikamjibu kwa sentensi mbili ambazo hazikuniridhisha hata mimi. Makala haya ni jibu lililosalia. Nayaandika pia kwa ajili ya watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa baadhi yao ndio wanaoandaa barua za kuzipokea meli hizo.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Manowari ndicho chombo ambacho mataifa makubwa yalikitumia kuishinda methali hiyo. Bahari kuu haina mwenyewe. Meli inaweza kukaa nje kidogo ya maili 12 za bahari ya kitaifa ya nchi, ikaonekana na wote, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Ikiingia bandarini kwa idhini, bado ina kinga ya dola yake: askari polisi au ofisa wa forodha hawezi kuipanda bila ridhaa ya kamanda wake. Na ikitaka kuondoka, inang'oa nanga na kwenda zake, wala hakuna atakayesema imeshindwa. Kikosi cha nchi kavu hakina uhuru huo. Kikiisha kuvuka mpaka, kurudi nyuma huwa ni fedheha.

Mwanadiplomasia wa Uingereza James Cable, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kiitwacho Gunboat Diplomacy, aligawa matumizi haya katika mafungu manne. Yapo matumizi ya kukata shauri, ambapo meli yenyewe hutenda jambo na kulimaliza. Yapo ya kushurutisha, ambapo meli humfanya mwingine abadili uamuzi wake. Yapo ya kusubiri, ambapo meli hupelekwa karibu na penye fukuto kabla aliyeituma hajajua ataitumiaje. Na yapo ya kutoa ishara tu, ya urafiki au ya ghadhabu. Nimesoma historia ya nchi nyingi nikiwa na mgawanyo huu mkononi, na sijaona pwani inayotoa mifano ya mafungu yote manne kwa uwazi kama hii yetu.

Kabla ya kuwatazama wageni, tukiri kwamba watawala wa pwani hii nao walikijua chombo hiki. Sultani Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Mwaka 1840 meli yake Sultana ilitia nanga New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, kahawa, karafuu na pembe za ndovu. Kabla ya hapo alikuwa amempa Mfalme William IV wa Uingereza meli nzima ya kivita, iliyoitwa Liverpool, ambayo Waingereza waliibadili jina ikawa Imaum. Said alielewa kwamba meli husema mambo ambayo barua haiwezi kuyasema. Lililowapata warithi wake ni kwamba waliachwa wakisikiliza tu, wala hawakuwa tena na chombo cha kujibia.

Said alifariki mwaka 1856, na wanawe wakagawanyika: Thuwaini akashika Muscat, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 Thuwaini aliondoka Oman na meli zake kwenda kumng'oa ndugu yake. Njiani alikutana na meli ya Waingereza iliyotoka India, akaelezwa kwamba safari yake haikubaliki, akageuza. Hakukuwa na vita. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, akatoa uamuzi wa usuluhishi: Zanzibar na Oman ni dola mbili, na Zanzibar itailipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Wanafunzi wangu husoma mgawanyiko huo kama jambo la familia ya Busaidi. Mimi huwaomba wakumbuke ile meli iliyosimama katikati ya njia.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaangusha minazi na mikarafuu na kuharibu sehemu kubwa ya meli za Sultani Barghash. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1873, aliwasili Sir Bartle Frere akitaka biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ipigwe marufuku. Barghash alikataa. Frere akaondoka. Mwezi Juni balozi mdogo wa Uingereza, John Kirk, alimfikishia Barghash ujumbe kwamba asipotia saini, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hapa ndipo mjadala wa darasani huwa mkali, na ni haki uwe mkali. Biashara ile ilikuwa dhuluma, na kila mjukuu wa waliouzwa pale ana sababu ya kushukuru kwamba soko lilifungwa. Sitamtetea Barghash kwa hilo. Lakini mwanahistoria ana maswali mawili, na asiyachanganye: jambo gani lilitendwa, na mlango gani ulifunguliwa katika kulitenda. Mwaka 1873 Ulaya ilijifunza kwamba mtawala wa Zanzibar, asiye na meli, hutia saini anapotishiwa kuzingirwa. Somo hilo halikuambatana na masharti ya nia njema.

Miaka 12 baadaye lilitumiwa na wengine. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Barghash alipinga kwa maandishi, akisema nchi hizo ni zake. Jibu lilikuja kwa bahari: Agosti 1885 kikosi cha manowari za Kijerumani chini ya Komodoro Paschen kilitia nanga mbele ya kasri, kikampa Sultani makataa ya kuondoa pingamizi lake. Wajerumani walimleta hata Salme, dada yake Barghash, aliyeolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, ili madai yake ya urithi yawe hoja ya akiba. Barghash alikubali. Hakuna aliyewauliza watu wa Usagara.

Desemba 1888 Uingereza na Ujerumani zikaizingira pwani kwa pamoja. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzuia watumwa na silaha. Lakini wakati huo Abushiri bin Salim na wenzake walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na kuzuia silaha kulimaanisha kuwazuia wao. Hoja ya mwaka 1873, iliyokuwa na uzito wa kweli wa kimaadili, sasa ilikuwa imevikwa vita vya kutwaa nchi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Fungu la kukata shauri lilikuja tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa makataa hadi saa tatu asubuhi. Dakika chache baada ya saa tatu manowari zilianza kupiga, na kabla ya saa nne kasri lilikuwa limebomoka. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Glasgow, meli ambayo Barghash aliagiza ijengwe Uingereza baada ya kile kimbunga, ilijaribu kujibu, ikazamishwa pale pale bandarini. Milingoti yake ilibaki ikichomoza majini hadi mwaka 1912. Kwa miaka 16 kila aliyeingia Unguja kwa jahazi aliisoma habari hiyo kabla hajashuka.

Nimeyataja hayo kwa ufupi kwa kuwa yanajulikana. Ninalotaka msomaji alitafakari zaidi ni la mwaka 1964, kwa sababu safari hii tulikuwa huru, na meli iliitwa na sisi wenyewe.

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali iliyumba kwa siku kadhaa. Tarehe 24 Januari Mwalimu Nyerere aliiomba Uingereza msaada, na alfajiri ya tarehe 25 makomando wa jeshi la wanamaji la Uingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya kubeba ndege iitwayo Centaur. Maasi yalizimwa asubuhi ile ile, na askari wachache wa Tanganyika wakapoteza maisha.

Linganisha tarehe hizo na umbali. Centaur haikutoka Aden baada ya kuombwa. Iliondoka Aden na makomando wale siku chache kabla ya ombi, mara habari za maasi zilipofika, ikawa inasubiri karibu na pwani yetu. Hilo ndilo fungu la kusubiri. Meli hufika kwanza, ombi hufuata. Sisemi kwamba ombi lilishurutishwa; serikali ilikuwa na haki ya kuomba, na bila msaada ule huenda historia yetu ingekuwa ya mapinduzi ya kijeshi, kama ya majirani wengi. Ninachosema ni kwamba chaguo la kiongozi hupungua au huongezeka kutokana na kile kinachoelea nje ya bandari yake, na nani aliyekiweka pale.

Nyerere alilielewa hilo kuliko wengi wetu. Hakulificha jambo lenyewe wala aibu yake. Mwezi Februari aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam, akawaeleza yaliyotokea, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya Waingereza. Nigeria ikaleta kikosi. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Msaada wa kigeni ulipewa mwanzo, ukaelezwa hadharani, ukapewa na mwisho.

Sasa tuje kwenye ziara za kirafiki. Tangu mwaka 2008, maharamia wa Somalia walipowapa wakubwa wote sababu ya pamoja, manowari za Ulaya, Marekani, China na India zimekuwa wakazi wa bahari yetu. China ilifungua kambi yake Djibouti mwaka 2017. Meli yake ya hospitali, Peace Ark, imefika Dar es Salaam mwaka 2010, 2017 na 2024, ikatibu watu wetu. Mwaka 2024 China, Tanzania na Msumbiji zilifanya mazoezi ya pamoja, na Aprili 2025 India ilifanya mazoezi na nchi kadhaa za Afrika, mwenyeji mwenza akiwa Tanzania. Marekani nayo imekuwa na mazoezi yake katika ukanda huu, Mombasa ikiwamo.

Haya ni matumizi ya ishara, na sina sababu ya kuyafananisha na makombora ya 1896. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na kwa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji ndani ya Peace Ark, methali hiyo ni kweli kabisa. Lakini ishara hutolewa ili isomwe, na wasomaji wakuu wa ishara hizi si sisi. Beijing inaandikiwa na New Delhi, New Delhi inaandikiwa na Beijing, na bandari yetu ndiyo karatasi. Tena baharia anayejifunza kina cha maji, mpangilio wa gati na majina ya maofisa wetu wakati wa ishara, hayasahau siku fungu linapobadilika. Meli ni ile ile katika mafungu yote manne. Kinachobadilika ni amri tu.

Tufanyeje? Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hati ya makubaliano isiyo na sharti hilo hailazimiki kufika huko. Hapo pana pengo, na kuliziba hakuhitaji uadui na yeyote. Kila ziara na kila zoezi viwe na majibu yaliyoandikwa kwa maswali matatu: nani aliomba, wanaondoka lini, na sisi tunabaki na ujuzi au kifaa gani. Kamati husika ya Bunge iyapate majibu hayo kabla ya nanga kushuka, hata kama ni kwa faragha. Na bajeti ya wanamaji wetu wenyewe ijadiliwe kwa uzito, kwa sababu mwenye boti ya doria inayotembea huzungumza na mgeni kwa sauti tofauti na asiye nayo. Barghash wa mwaka 1873, aliyepoteza meli zake mwaka mmoja tu kabla, ni shahidi.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wangu: tunaiita ziara ya kirafiki kwa sababu siku hiyo ni ya kirafiki kweli. Yale makombora ni kumbukumbu kwamba kuna siku nyingine. Mtumishi wa umma anayeandika barua ya kuikaribisha meli ana wajibu wa kuzikumbuka siku zote mbili katika barua moja.