Alama Ndogo Katika Damu

Zamani tabibu aliitambua saratani ya damu kwa kuzitazama chembe kwa darubini, lakini chanzo chake hakukijua. Mwaka wa 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wataalamu wa mji wa Philadelphia, Marekani, waliona katika chembe za wagonjwa wa aina moja ya saratani hiyo kromosomu iliyo fupi mno. Ilidhaniwa kwamba kipande chake kimepotea. Mwaka wa 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kuwa kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, zimebadilishana vipande. Baadaye ikajulikana kwamba hapo vilipoungana hutokea jeni mbovu, iziamrishayo chembe kuzaana bila kikomo.

Adui akiisha kujulikana, silaha hutafutwa. Mwaka wa 2001 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo imatinibu, inayoizuia kazi ya jeni hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiua katika miaka michache, sasa wengi huishi nao miaka mingi.

Lakini dawa hiyo haimfai kila mwenye saratani. Sharti damu ipimwe kwanza, alama ile ionekane. Kisha ipimwe tena na tena, ijulikane kama inapungua. Mgonjwa akosaye kipimo hicho huenda akafa, ilhali dawa yake ipo.