Mwaka Mmoja na Ratiba ya Ngumbaru

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa na kuutangaza mwaka uliokuwa unaingia, 1970, kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizi mtu akikuambia "mwaka huu nimejiwekea lengo la kusoma", unajua moja kwa moja anachomaanisha: vitabu hamsini, picha za majalada mtandaoni, na hesabu ikifika Desemba. Lengo la 1970 lilikuwa la nchi nzima, na wakati huo takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma kabisa.

Mwaka jana niliamua kusoma kwa ratiba yao. Mimi ni mwandishi wa habari, kusoma ni sehemu ya kazi yangu, lakini kusoma kwa mwandishi wa habari unakujua: unasoma ripoti kurasa za mwanzo na za mwisho, katikati unaruka. Nikataka mwaka mmoja wa kusoma mambo nisiyoyachagua kwa mapenzi. Mwingereza Ann Morgan alifanya la kwake mwaka 2012, kitabu kimoja kutoka kila nchi ya dunia, na kwa São Tomé ilibidi watu wa kujitolea wamtafsirie kitabu, maana hakukuwa na kilichofasiriwa kwa Kiingereza. Nilimhusudu, ila dunia nzima ni kubwa mno kwa mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu kizima kuhusu alikotoka. Mimi natoka Daudi, Mbulu.

Basi nikaorodhesha masomo yaliyopita katika madarasa na kampeni za ngumbaru: siasa, kilimo, ufugaji, afya, lishe, ufundi, hesabu, Kiswahili, na misitu iliyokuja baadaye na kampeni ya Misitu ni Mali ya 1980. Hayo tisa. Nikaongeza matatu yangu: historia ya Mbulu, riwaya, na Kiiraqw. Mwezi mmoja somo moja. Sharti lilikuwa kwamba kila mwezi angalau maandishi mamoja yawe ya Kiswahili na mengine yaiguse Mbulu au Hanang. Sharti hilo la pili ndilo lililonitoa jasho.

Hesabu na ufundi nitavipita haraka. Nilisoma, nikajifunza namna ya kupima ubao, basi.

Afya ndiyo iliyonishika. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki kumi na mbili, na watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi takriban 75,000. Fikiria hesabu hiyo katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Kikundi kinakaa kuizunguka redio, kinasikiliza kipindi, halafu mmoja anayejua kusoma anawasomea wenzake sura ya kitabu: malaria, kuhara damu, safura, kichocho. Wanajadili. Mwisho wanakubaliana la kufanya, na wiki ijayo wanaulizana limefanyika au la. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Mimi ni mwanachama wa vikundi viwili vya kusoma vitabu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuchimba shimo.

Nasema kwa mzaha, lakini swali nalichukulia kwa uzito. Wale watu walipimwa kwa kitu gani? Baada ya mkutano wa TANU wa 1971 kuamua ujinga wa kutojua kusoma ufutwe ifikapo 1975, serikali iliandaa mtihani wa nchi nzima, Agosti 1975. Zaidi ya watu milioni tano walikuwa wameandikishwa. Kulikuwa na ngazi nne, na wa ngazi ya juu kabisa alitakiwa aweze kusoma gazeti, kusoma kijitabu cha maelekezo na kukifuata, kuandika barua, na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake. Hiyo ndiyo maana ya kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kwanza vilitungwa kufuata kazi za watu: wa pamba alijifunza silabi kwa pamba, wa ndizi kwa ndizi, mvuvi kwa samaki. Takwimu za serikali zinasema wasiojua kusoma walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya 10 mwaka 1986.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alisoma jioni, kwenye darasa la watoto, kwenye dawati la mtoto, baada ya kukamua. Alinieleza kwamba kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe, na sidhani alikuwa anatia chumvi. Aliweza kusoma. Mpaka leo anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea kwa sauti kama anahubiri.

Ila kuna jambo moja la darasa lile ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria mpaka nilipofika mwezi wa Kiswahili. Alfabeti ya Kiswahili haina q wala x. Sasa nenda Mbulu ufungue daftari lolote la mahudhurio: Qamara, Qwaray, Axwesso, Tluway. Daudi linaandikika bila taabu, lakini Tlawi, kata nyingine ya Mbulu hiyohiyo, ina sauti ambayo Kiswahili hakina. Wanaisimu wa Kiiraqw wanatumia hata mkwaju, alama ile ya "/", kuandika sauti ya kooni, kwa hiyo nchi ya asili ya Wairaqw utaiona imeandikwa Irqwa Da/aw. Maana yake mtu mzima wa Mbulu alijifunza herufi zote za somo, akafaulu, na bado herufi hizo hazikutosha kuandika jina la baba yake. Aliziazima herufi zingine kwa karani au padri.

Silaumu. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuzungumza na Mmakonde na Mhaya bila mkalimani, na nadhani kampeni ile isingewezekana kwa lugha zaidi ya mia moja. Lakini mtu akijua gharama ya kitu haimaanishi anataka kukirudisha dukani.

Mwezi wa kilimo na wa ufugaji niliviunganisha, kwa sababu kwetu hata zizi na shamba haviachani. Hapa ndipo Hanang iliponisubiri. Miaka ileile ambayo vijitabu vilikuwa vinafundisha kilimo bora, serikali kwa msaada wa Canada ilikuwa inafungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, chini ya NAFCO, yaliyofikia kama ekari laki moja. Ilikuwa ardhi ya malisho ya Wabarbaig. Charles Lane aliandika habari hiyo mwaka 1996, na unaposoma unaelewa kwamba eneo lililochukuliwa ndilo lililokuwa na malisho mazuri na makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi. Kikashinda Mahakama Kuu, Arusha. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Nilisoma kitabu hicho usiku, na mchana nikasoma maelekezo ya zamani ya kupanda kwa mstari, na vyote viwili vilikuwa vinazungumzia ardhi ya mkoa uleule. Somo la ardhi ni ya nani halikuwa na kijitabu chake.

Historia ya Mbulu nilidhani ingekuwa nyembamba. Kumbe ni nene, tatizo ni mahali ilipo. Robert Thornton alichapisha kitabu mwaka 1980 kuhusu Wairaqw na jinsi wanavyoielewa nchi. Anaonyesha kwamba kinachotupanga ni eneo, *aya*, kuliko ukoo. Lowe Börjeson wa Stockholm, mwaka 2004, aliandika juu ya kilimo cha nyanda za juu za Mbulu na kuibishia hadithi ambayo wengi wetu tulilelewa nayo: kwamba babu zetu walijibana milimani kwa hofu ya Wamasai, na ndiyo maana wakalima kwa bidii kiasi kile, kwa samadi na matuta. Börjeson anasema kilimo kile kilikua polepole, kazi juu ya kazi, watu wakiiboresha ardhi yao wenyewe kizazi hadi kizazi. Nilisoma sura hiyo mara mbili. Mtu aliyelima kwa sababu amezingirwa na mtu aliyelima kwa sababu anajua kulima ni babu wawili tofauti kabisa. Yuko pia Yusufu Lawi, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake ya 2000 inahusu maarifa ya wenyeji na mazingira ya Uiraqw, na Katherine Snyder aliyeandika juu ya maendeleo vijijini mwaka 2005.

Vyote kwa Kiingereza. Vingine niliazima kwa mhadhiri mmoja mkarimu, vingine nilivipata kwa picha za simu, kurasa zimepinda pembeni. Ukitaka kununua, bei ya kimoja inakaribia bei ya mbuzi. Mtu aliyefika ngazi ya nne mwaka 1975, akasoma gazeti, akaandika barua, hakuandaliwa kuvifikia. Kulikuwa na mipango ya kumwendeleza: maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho* lililoanza Mwanza mwaka 1974. Halafu vita vya Kagera, halafu ukata wa miaka ya themanini, karatasi ikawa adimu kama sukari. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, wa miaka 15 na zaidi, ni karibu asilimia 78. Watafiti wana sababu nyingi za kueleza pengo kati ya tarakimu hiyo na ile ya 1986, ikiwemo namna ya kupima. Mimi nina bibi mwenye kijitabu kimoja cha mahindi, amekisoma mpaka jalada limetoka, na hakuna kingine kilichofuata.

Mwezi wa riwaya nilijipa raha. Nilirudia *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya 1971, ambayo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na bado inauma. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na Ukerewe ilikuwa moja ya wilaya sita zilizoteuliwa kufuta ujinga kwanza, pamoja na Mafia, Masasi, Pangani, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kisiwa hichohicho kina mwandishi mwingine, Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapisha. Nani angenunua kitabu kinene cha lugha ya kisiwa? Uzeeni akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki 1981, na inasimuliwa kwamba vitabu vilikuwa bado havijamfikia mkononi.

Miaka thelathini na mitano, msomaji. Kuna watu watakuambia hiyo ni hadithi ya subira. Mimi naiona kama hadithi ya Kikerewe kilichobaki kwenye sanduku.

Desemba ilikuwa ya Kiiraqw. Sarufi ya Maarten Mous ya 1993 ilinishinda kwa kiasi fulani, sitaki kujitutumua. Kamusi ya 2002, aliyoitunga yeye na Roland Kießling pamoja na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliifungua kama mtu anayefungua albamu ya picha za familia: neno la aina ya kibuyu, neno la udongo fulani, maneno ambayo sijayasikia tangu nikiwa darasa la pili. Na kuna kitabu kimoja ambacho ningekiweka juu ya vyote vya mwaka ule. Katikati ya miaka ya 1930 Mjerumani Paul Berger alikusanya masimulizi ya Wairaqw, neno kwa neno kama yalivyosemwa. Yalichapishwa 1998, Kießling akiyahariri, Ujerumani. Sauti za wazee wetu zilikaa miaka sitini kabla ya kuwa kitabu, na kilipotoka kiliandikiwa wanaisimu.

Rafiki anayesoma huko alinitumia kurasa kadhaa. Nikaenda nazo Daudi wakati wa sikukuu, nikamsomea bibi, taratibu, nikikwama kwenye alama. Alinisahihisha matamshi kila mstari wa pili. Kisha akauliza huyo aliyesimulia ni mtu wa upande gani, maana hivyo anavyosema si kama sisi. Akataka aone mwenyewe. Akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu, akaweka kidole kwenye ule mkwaju.

"Hii sikufundishwa," alisema.

Nilimweleza inasomwaje. Akasema niandike upya kwa herufi kubwa, karatasi ya simu haina nafasi, na nisiache kitu. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Niko ukurasa wa tisa.